Githeri hana kabila

"Huyo ni kabila gani?"

Nimeulizwa hivyo na muuza mayai ya kuchemsha, na soja wa geti la shule, hata na makanga aliyekuwa akining'inia mlangoni mwa matatu iliyokwama kwenye foleni ya Mumias South Road. Wote huwa wanamsema mbwa wangu. Swali lenyewe si geni kwangu. Baba yangu ni Mluhya wa Kakamega, mama ni Mkamba wa Makueni, nami ni mzaliwa wa Nairobi ambaye Kiluhya chake kinaishia kwenye salamu na Kikamba chake kwenye matusi madogo madogo. Tangu darasa la kwanza nimekuwa nikiulizwa, "Lakini wewe hasa ni wa wapi?" Kwa hiyo jibu la mbwa ninalo tayari: "Ni githeri," mahindi na maharagwe ya sufuria moja. Mtu hucheka. Ndipo namwambia kwamba hilo ndilo jina lake pia.

Sikuanza nikitaka githeri. Nilitaka Jamani, yaani German Shepherd.

Wezi walikuwa wameruka ukuta wetu hapa Buruburu usiku wa mvua, wakabeba mtungi wa gesi, viatu vya shule vya mwanangu Baraka, na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba, hata zile ambazo hazijakauka. Mtungi ulikuwa umejazwa siku iliyotangulia. Hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi majirani walikuja na ushauri mmoja: tafuta mbwa, na mbwa ni Jamani, yule wa masikio yaliyosimama ambaye walinzi humshika mnyororo nje ya benki. Nikaulizia bei. Mtoto wa Jamani mwenye karatasi za ukoo alinishinda. Wale wa kando ya barabara, ambao vijana huwainua juu wakiwaonyesha wenye magari, bei yao ilikuwa inazungumzika.

Mwenzangu kazini ndiye aliyenizuia. Mimi naandika hesabu katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, yeye ni wa stoo. Alikuwa amenunua kijibwa barabarani, kimefungwa utepe shingoni, kinarukaruka. Siku ya nne kikaanza kutapika, kisha kuhara damu, siku ya sita akakizika. Parvo. Daktari wa mifugo alimweleza kwamba kirusi hicho hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kujionyesha, hivyo huenda kijibwa kilinunuliwa tayari kikiwa nacho. Tena kirusi chenyewe huishi udongoni miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida hakiijui. Akaambiwa aoshe sakafu kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na asilete mtoto mwingine wa mbwa hapo kwa muda mrefu.

"Ukitaka mbwa," aliniambia, "chukua aliyekwisha kukua na kuchanjwa. Nenda makao ya wanyama."

KSPCA ya Karen niliijua kwa jina. Ni chama cha kutunza wanyama cha tangu 1910, na kichwani mwangu nilikiweka pamoja na farasi na chai ya saa kumi, mambo yasiyomhusu mtu wa Buruburu. Nilipoanza kuuliza nikagundua kwamba zipo pia sehemu ndogo ndogo, watu wameokota mbwa mmoja, wa pili, mwisho wakajikuta na ua mzima. Nilikwenda kwenye mojawapo, upande wa Lang'ata, Jumamosi moja, na Baraka.

Ukiingia mahali kama pale hufikirii chochote, kelele hazikuachi. Mzee wa gamubuti aliyekuwa akiosha vizimba alizima maji akaniuliza, "Mama, unataka mbwa wa kazi gani?"

"Wa ulinzi."

"Kubweka wote wanabweka. Unataka kuishi na yupi?"

Nikamwonyesha dume kubwa jeusi, masikio wima. Akatikisa kichwa: yule hapendi watoto, na hili lijana langu lilikuwa limeshapitisha vidole kwenye waya. Akatupeleka kizimba cha mwisho. Ndani kulikuwa na jike la rangi ya udongo, mdomo mweusi, sikio moja la Jamani na jingine nusu yake imekatika, miguu mifupi ya mbwa mwingine kabisa, na mkia uliojikunja kama herufi aliyoikosea mtoto. Alikuwa ameokotwa karibu na vichinjio vya Dagoretti. Kwa kumwangalia meno walimkadiria miaka miwili au mitatu. Alikuwa amechanjwa na kufungwa kizazi. Hakubweka. Alitutazama tu.

"Keti chini," mzee akasema. "Mpe mgongo. Usimwite."

Nikaketi kwenye saruji yenye maji, na sketi yangu ya kanisani. Baraka naye. Dakika kumi, ishirini, nikaanza kuhesabu mambo ambayo ningekuwa nimeyafanya nyumbani. Halafu nikahisi pua baridi kwenye kiwiko. Haikukaa. Iligusa, ikarudi. Nilipogeuka alikuwa amesharudi pembeni, anaangalia ukuta kana kwamba si yeye.

Sikumchukua siku hiyo. Walitaka kwanza kuiona nyumba. Dada mmoja akaja siku ya kazi jioni, akapima kwa mkono pengo lililo chini ya geti, akauliza mbwa atalala wapi mvua ikinyesha, nani atabaki naye nikiwa kazini, na nikihama itakuwaje. Mwenye nyumba wangu hakunichunguza hivyo hata siku ya kwanza. Niliziba pengo kwa ubao, na fundi wa jua kali akanitengenezea kibanda cha mabati chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Kibanda hicho Githeri hakukilalia hata siku moja.

Siku ya kumleta, teksi mbili zilikataa. Ya tatu ilikubali kwa nyongeza na kwa sharti la gazeti chini yake. Alitapika mara mbili kabla hatujaimaliza Lang'ata Road, zote pembeni mwa gazeti.

Mzee wa gamubuti alikuwa amenipa hesabu ya kukumbuka: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza mbwa bado hajafika, mwili tu ndio umefika. Wiki tatu, anaanza kujua ratiba ya nyumba. Miezi mitatu ndipo unamwona yeye mwenyewe. Mimi nimelelewa na ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Githeri siku ya tatu alikuwa bado nyuma ya tangi la maji, akitoka usiku kula ugali na omena tulipozima taa. Asubuhi tulikuta sahani nyeupe kabisa na yeye hayupo. Baraka aliuliza kama tumepewa mbwa au tumepewa panya mkubwa.

Kosa langu kubwa nililifanya wiki ya pili. Alikuwa ameanza kutoka, anakaa mlangoni, anatikisa ncha ya ule mkia. Nikaona basi, kazi imekwisha. Siku hiyo kijana wa makaa alileta gunia, amelibeba begani. Nikamshika Githeri ukanda wa shingo ili apite. Gunia lilipotua chini, likatoa ule mlio wake mzito, mbwa alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama, akajipinda, akaniuma mkono. Kisha akakimbilia nyuma ya tangi na mkojo ukimfuata.

Hapa Nairobi kila mtu anajua watoto wa mbwa wasiotakiwa hutupwa kwa njia gani. Hutiwa kwenye gunia. Sina ushahidi wa yaliyompata Githeri, na hatazungumza. Ila fagio haliogopi, fimbo haiogopi, fataki za Diwali kutoka Parklands zikisikika hulala tu. Gunia ndilo lake.

Niliosha mkono kwenye karo kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa kuangalia saa, Baraka akihesabu. Hilo nilikuwa nimelijua kutoka kwa mama, na nalisema hapa kwa sababu wengi hupaka chumvi au mafuta ya taa, wakafunga kitambaa, wakasubiri. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina dawa. Muda wa kukizuia ni kabla ya hapo, na kazi ya kwanza ya kukizuia ni ule mfereji. Zahanati ya kwanza niliyokwenda chanjo ilikuwa imeisha. Ya pili ilikuwa nayo. Muuguzi akasoma cheti cha chanjo cha Githeri mara mbili, akanichoma sindano ya kwanza, akanipa tarehe za nyingine, na kuniambia nimchunge mbwa kwa siku kumi: akibaki mzima hadi ya kumi, basi siku aliyoniuma hakuwa na kichaa mateni mwake. Alibaki mzima. Mwenye aibu kati yetu alikuwa yeye. Siku mbili hakula mbele yangu.

Mama aliposikia, alipiga simu kutoka Makueni kuniambia nimrudishe. Halafu, kwa kuwa ni mama, akaniambia pia kwamba mbwa hana kosa. Kwao wanakijua kichaa. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo katika mpango wa taifa uliozinduliwa 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mama alishawaona watoto wa kijiji wakipanga foleni kwa ajili ya sindano, kila mmoja na mbwa wake kwa kamba ya katani, mbwa wanapigana, walimu wanapiga kelele. Hesabu yenyewe ni kwamba wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wengi wa hao mbwa ni koko. Kichaa chenyewe kilianza kuthibitishwa nchini kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, mwaka 1912, kwa hiyo sisi wa mjini hatuna la kuwafundisha watu wa Makueni.

Sikumrudisha. Nilibadilisha makaa. Kijana sasa anaacha gunia lake kwenye mkokoteni huko njiani na kuingia na ndoo. Ananidai shilingi kumi zaidi kwa kila safari, na ana haki.

Kuhusu chakula nitasema haraka. Ugali, omena, mabaki ya buchari yaliyochemshwa, karoti, na unga wa mbwa mwisho wa mwezi pesa zikiwepo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, huvunjika vipande vyenye ncha. Mchuzi wenye vitunguu hapana, huharibu damu. Sukuma wiki yeye mwenyewe ndiye anayesema hapana.

Nilikuwa nimeambiwa na watu wengi, kwa uhakika wote, kwamba koko haugui. Jamani huumwa nyonga, wenye pua fupi hukosa pumzi, lakini koko ni chuma. Mwezi wa tano Githeri aliacha kula. Siku ya kwanza nikasema ni joto. Siku ya pili alitoka damu kidogo puani, na nilipomwinua mdomo nikaona ufizi umekuwa mweupe kama karatasi. Homa ya kupe. Daktari akanionyesha kwenye sikio lile zima, ndani kabisa, kupe wa kahawia waliojipanga kama mbegu za mpapai. Mimi nilikuwa nikimkagua mgongo na tumbo, sehemu ambazo ni rahisi.

Dawa ilikuwa doksisaikilini, siku 28 bila kuruka, pamoja na chakula lakini si pamoja na maziwa, kwa sababu maziwa huizuia dawa kuingia mwilini. Siku ya sita alikuwa anakimbia, nikatamani kuacha, maana vidonge si bure. Daktari alinijua. Alikuwa amenitazama machoni akisema 28. Na kupe si wa mbwa tu, ni wa nyumba: jike likishiba hujidondosha, hupanda ukuta, hutaga maelfu ya mayai kwenye ufa. Kile kibanda cha mabati ambacho hakukilalia ndicho kilikuwa kijiji chao. Tulizichoma moto mbao zake, tukaziba nyufa za ukuta kwa saruji, na sasa kila Jumapili baada ya kanisa Baraka anakagua masikio na katikati ya vidole, analipwa shilingi tano kwa kupe. Kuna Jumapili nilishuku anawatoa kwa mbwa wa jirani.

Nikiwa kwenye benchi la daktari nilisoma kwenye simu habari za utafiti wa Marekani uliotoka 2022 katika jarida la Science. Waliwauliza wenye mbwa zaidi ya 18,000, kama nusu yao chotara, na kupima jeni za baadhi yao. Mbegu, yaani aina ya mbwa, ilieleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Nilimsomea kwa sauti bwana aliyekuwa kando yangu na Jamani lake lililojaa woga, limejificha chini ya benchi kwa kumwogopa paka. Hakufurahi.

Kizuizi ambacho sikukitarajia kilikuwa ukuta wa pamoja. Upande wa pili anakaa Bi Zuhura, mtu wa Lamu, mjane, miaka sabini na kitu. Siku mbwa alipofika nilikwenda kubisha kabla hajamsikia mwenyewe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshamsikia."

Akanieleza kwa upole na bila kuzunguka. Yeye haswali akiwa ameguswa na mate ya mbwa hadi ajitahirishe. Chombo kikilambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuniomba nimwondoe. Aliomba asivuke. Tukakubaliana kwamba Githeri atapita mlangoni kwake akiwa na kamba fupi upande wangu wa kulia, na kiti chake cha nje, kile anachokalia jioni na tasbihi, hakitasogelewa. Yeye ndiye aliyenifundisha pia neno lenyewe. "Koko ni kichaka, mwanangu. Mbwa koko ni mbwa wa vichakani. Hamkumtukana, mmemtaja kwao tu."

Miezi ikapita. Jioni moja nikaona kichwa cha samaki kikiruka ukuta na kuanguka hasa pale anapolala Githeri. Kesho yake kingine. Nilipomshukuru alinihadithia kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akakipandisha kwa meno, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. "Mimi magoti hayanishushi kisimani," akasema. "Kutupa naweza."

Na ulinzi? Watu huuliza hilo baada ya kabila. Githeri hubweka kidogo sana, na kwa sababu anazozijua yeye: mtu asiyemfahamu akisimama getini zaidi ya kubisha, au pikipiki ikizima injini nje usiku. Mara nyingi hana makosa. Wezi hawajarudi, lakini siwezi kumpa yeye sifa zote, maana niliweka pia taa na nyaya juu ya ukuta. Nyumba ya tano kutoka kwetu walinunua Jamani safi, mwenye karatasi. Aliibwa mwezi wa nane, yeye pamoja na mnyororo. Mwenyewe alipokuja kuuliza kama tumeona chochote, alimtazama Githeri amelala chali mlangoni, na nikamwona akiwaza ambalo sote tuliliwaza: huyu hata mlango ukiachwa wazi hakuna atakayembeba.

Disemba mama alikuja kwa Krismasi. Hakuwa amekutana naye bado, walikuwa wamesikiana kwenye simu tu. Bodaboda ikamteremsha getini na mkoba, kuku wawili, na gunia la maembe ya Makueni lililofungwa kwa sisali. Kabla sijafika mlangoni Baraka alikuwa ameshatoka mbio, amejitanua getini, mikono huku na huku.

"Susu, gunia libaki nje."

"Asi! Libaki nje wapi, wezi wale?"

"Tutatoa yale maembe. Gunia haliingii."

Mama akanitazama mimi. Nikaenda kuleta karai. Bi Zuhura, ambaye alikuwa nje na tasbihi yake, akainuka akampa kiti, kile kiti, na mama akaketi pale njiani na nguo zake za safari, akahamisha maembe mawili mawili, akilalamika kwa Kikamba juu ya mbwa anayewapangia watu mizigo. Githeri alikuwa nyuma ya tangi, pua tu ndiyo inaonekana. Karai la kwanza likaingia. La pili likaingia. La tatu alitoka, akalinusa, akalinusa tena, akaketi kando yake.

Mama akalikunja gunia tupu mara nne, akalikalia.